Tupeane uzoefu: Uliwahi kukaa chini ukapima hisa alizokutajia rafiki, ukazilinganisha na soko?

Mtunza Risiti (mwanzisha mada)

Wakuu salaam. Nina mshikaji wangu, tumetoka mbali, tangu enzi tunachangia chumba Sinza. Huyu bwana ni mtu wa hisa. Kila tukikaa kwenye kahawa lazima akumbushie: "Ile benki si nilikwambia ununue?" Na kweli aliniambia. Ila alinitajia na nyingine, hizo hazikumbushii.

Mwezi uliopita nikapekua meseji zetu za WhatsApp za miaka 2, nikatafuta neno "nunua". Yakatoka majina 9. Nikachora jedwali kwenye daftari: tarehe aliyonitajia, bei ya kufunga siku ile, bei ya leo. Nikajifanya nimeweka shilingi 100,000 kwa kila moja. Safu ya pembeni, 100,000 hiyo hiyo, tarehe hiyo hiyo, nikaiweka kwenye soko zima kwa kufuata faharisi ya TSI, yaani kipimo kinachoonesha bei za hisa kwa ujumla zimepanda au kushuka kiasi gani kwenye soko letu la Dar es Salaam. Nimetumia TSI makusudi maana ni ya kampuni za ndani tu. Faharisi ya pili, DSEI, inabeba na za Kenya zilizoorodheshwa kwetu kama KCB na EABL, na mshikaji hakunitajia hata moja ya Kenya.

Majibu: 900,000 za mshikaji zimekuwa 961,000. Za soko 993,000. Na hapo ile benki peke yake imetoka 100,000 kufika 214,000. Ukiitoa, zile 8 zilizobaki zimeshuka kutoka 800,000 hadi 747,000.

Nikampelekea daftari. Akasoma kimya, akamaliza kikombe, akauliza: "Gawio umeliweka wapi?" Ile faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa, sikuwa nimeiweka. Nikarudi nyumbani, nikajumlisha magawio yote baada ya kukatwa kodi ya asilimia 5, yakaja 58,000. Kwa hiyo yeye 1,019,000, soko 993,000. Sasa anatamba mtaa mzima. Wenzangu mmewahi kupima? Ilikuwaje?

Shangazi wa Vipande

Mimi wangu ni shemeji. Kila sikukuu akija anatutajia kampuni, na wifi yangu anamsikiliza kama imamu. Siku moja nikamuomba kitu kidogo tu: shemeji, tuoneshe taarifa ya akaunti yako ya CDS, ile inayoonesha hisa unazomiliki. Akazunguka, oh simu haina chaji, oh dalali hajanitumia. Baada ya wiki 3 akaituma. Hisa alizonazo ni za kampuni moja, alizonunua kwenye toleo la awali, kampuni ilipouza hisa kwa umma mara ya kwanza, miaka hiyo, na hajawahi kuongeza hata moja. Yote aliyokuwa anatushauri, yeye mwenyewe hakununua. Nimebaki na vipande vyangu vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja.

Baharia wa Kisauni

Hamjambo jamaa. Huku kwetu Kenya kupima kuna mtego wake. Beshte yangu mwaka 2023 alipoteza kama asilimia 6 kwenye hisa zake, akawa hataki hata kuulizwa. Nikamwambia ngoja tuangalie NASI, faharisi ya soko la Nairobi, kwanza. Kumbe faharisi ilimaliza mwaka ule ikiwa imeshuka zaidi ya robo! Yule jamaa amelishinda soko na yeye analia.

Sababu yake ni Safaricom. Ni kubwa mno ndani ya NASI, ikipiga chafya faharisi yote inalala kitandani. Mwaka ule ilianza kwenye shilingi 24 na ushei ikafunga kama 14. Beshte alikuwa na hisa za benki na kampuni moja ya bima, Safaricom hana hata moja. Nilipomuuliza kwa nini, nikidhani nitapewa uchambuzi, akasema tu walimkera wakati fulani na laini yake. Basi hapo ujuzi uko wapi? 2024 soko likapanda zaidi ya asilimia 30, na yeye akaachwa nyuma.

Kijiwe Nongwa

Wangu alinitajia hisa 1 tu maishani, ikapanda. Nimemkataza kutaja nyingine ili rekodi isiharibike.

Mbeba Boksi, Houston

Huku ughaibuni tuna kundi la Watanzania, na kuna kaka yetu mmoja anatoa majina kila Jumapili baada ya ibada. 2022 orodha yake ilikuwa Tesla na ndugu zake. Tesla mwaka ule ilishuka asilimia 65, orodha yake kwa ujumla ikashuka 40. Mwaka uliofuata ikapanda 50. Akasimama akatangaza: "Minus 40, plus 50, tuko juu kwa 10."

Wazee walipiga makofi. Mimi nilikuwa na kikokotoo mkononi. Dola 1,000 ikipungua asilimia 40 inabaki 600. Ile 600 ikipanda asilimia 50 ni 900. Tuko chini kwa 10, kaka. S&P 500, faharisi ya kampuni kubwa za Marekani, ilishuka 19 mwaka 2022 na kupanda 24 mwaka 2023, yaani imerudi karibu pale pale ilipoanzia. Na hiyo ni kwa mtu ambaye hakugusa kitu. Nilimwambia pembeni, sikumuaibisha mbele za watu. Hakunisemesha hadi Pasaka.

Nusu Bei

Daftari lako mkuu lina tundu jingine. Hiyo bei ya leo uliyoandika, kuna mnunuzi? Rafiki yangu alinishawishi kununua kampuni moja ndogo, hisa 2,000. Ubaoni bei haikutikisika mwaka mzima, nikajiona nimetulia. Nilipohitaji ada ya mtoto nikampigia dalali auze. Wiki ya kwanza zikatoka hisa 50. Nikangoja. Zikatoka 120. Mtoto amefungua shule, amefunga likizo, hisa bado ziko sokoni. Mwishowe nikashusha bei sana ndipo zikaisha. Kwenye jedwali rafiki yangu alikuwa sawa na soko, mfukoni mwangu hapana.

Na makato je? Kwa sisi wa kiasi kidogo, kununua unakatwa kama asilimia 2, kuuza tena 2.

Asiye na Haraka

Mtunza Risiti, umempa mshikaji ushindi wa mezani. TSI inahesabu bei tu, gawio halimo. Umemwongezea yeye magawio yake, halafu soko umeliacha bila. Kwani NMB, CRDB, TBL na Twiga hazilipi? Umemvika mmoja viatu, mwingine anakimbia pekupeku, halafu unatangaza mshindi. Ongeza pande zote mbili au toa pande zote mbili.

Mtunza Risiti

Asiye na Haraka, umenikosesha usingizi jana. Nimekaa hadi saa 7 usiku naongeza gawio la soko, nikachukua kampuni 5 kubwa kwa uzito wake, zile ndogo zimenishinda. Soko limefika 1,047,000. Mshikaji 1,019,000. Makato sijayagusa, maana yangetukata wote. Na Nusu Bei, kati ya zile 9 mbili ni za namna hiyo hiyo unayosema, nimeziwekea alama nyekundu.

Nimempigia picha ukurasa mzima nikamtumia. Tiki mbili za bluu, kimya tangu asubuhi. Sasa hivi ndiyo kajibu: katuma jina la kampuni, na chini yake kaandika, "Saa 10:15 jioni. Weka na hii kwenye daftari lako, isije ikawa umesahau."