Wenye tezi ya thairoidi na ujauzito, tupeane uzoefu

MamaTulia, Njombe

Habari zenu wapendwa. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila mara namwona dada anauliza kama aache vidonge vya thairoidi, ile tezi ya shingoni, kwa kuwa amepata mimba, na hawakosekani watu wa kumjibu "dawa yoyote miezi mitatu ya kwanza ni hatari, acha kwanza". Jamani, kwa levothairoksini, yaani kidonge cha homoni ya tezi, ni kinyume kabisa. Mpaka karibu wiki ya 12 mtoto hana homoni yake ya tezi. Ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama. Tezi yake huanza kazi baada ya hapo, na mpaka ikomae vizuri ni kama wiki ya 18 hadi 20. Ukiacha dawa mwezi wa pili, unamnyima wakati anapokutegemea zaidi.

Mimi nilifanyiwa upasuaji wa goita nikiwa msichana, ikaondolewa sehemu kubwa ya tezi. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini goita si jambo geni, bibi zetu wengi walikuwa nayo. Tangu hapo natumia mikrogramu 100 kila siku. Nilipobeba mimba niliwahi kliniki. Wakapima wingi wa damu, kundi la damu, kaswende, VVU, malaria, mkojo, presha. Kuhusu shingo hakuna swali, na kovu langu lilikuwa chini ya mtandio. Nikaufungua, nikamwonyesha nesi na boksi la dawa. Palepale akanipeleka kwa daktari, TSH (homoni inayoamrisha tezi: ikiwa juu tezi imelala, ikiwa chini tezi imezidi) ikapimwa, dozi ikaongezwa. Ndivyo inavyotakiwa: wengi wetu tunaotumia dawa hii huhitaji nyongeza ya robo ya dozi au zaidi kidogo mara mimba inapoonekana, na TSH hurudiwa kila baada ya wiki 4 hadi katikati ya mimba.

Halafu kuna FEFO, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi tunavyopewa kliniki. Daktari alinichorea ratiba nyuma ya bahasha ya dawa: saa 12 asubuhi levothairoksini na maji matupu, saa 1 chai, FEFO usiku baada ya chakula. Madini ya chuma yakikutana na levothairoksini tumboni huizuia isifyonzwe vizuri, kwa hiyo ziachane angalau saa 4. Vidonge vya kalsiamu vivyo hivyo. Ile bahasha niliibandika kwenye mlango wa kabati hadi nikajifungua.

Karibuni. Wa tezi iliyolala (homoni kidogo), wa tezi iliyozidi (homoni nyingi), na waliopata shida baada ya kujifungua, wote waeleze.

MamaPacha, Eldoret

Asante kwa uzi. Yangu ilikuwa ya tezi kuzidi, lakini sikilizeni vile ilienda.

Nilitapika mpaka nikalazwa. Maji hayakai, uji haukai, nilikuwa ni wa dripu tu. Moyo ukawa unaenda mbio hata nikiwa nimelala, na mikono inatetemeka. Wakapima TSH wakakuta iko karibu na sufuri. Nikaambiwa nina ugonjwa wa tezi na nitaanzishiwa dawa ya kuishusha. Kabla sijaanza akapita daktari mkubwa wa akina mama. Akanishika shingo, akanitazama macho, akauliza kama kabla ya mimba nilikuwa nasikia joto kupita kiasi au kukonda bila sababu. Hapana. Kwetu kuna mtu wa goita? Hapana. Akaagiza kipimo cha kingamwili za tezi, zile za kinga ya mwili zinazoichochea tezi, zikakosekana. Akaagiza ultrasaundi, mapacha!

Alinieleza hivi: homoni ya mimba, ile kipimo cha mkojo husoma, inafanana na ile inayoamrisha tezi. Inapanda sana kati ya wiki ya 8 na 11, na kwa mapacha inapanda zaidi. Basi tezi inachapwa kazi kupita kawaida, TSH inashuka, na kutapika kunazidi. Huyo mama hapewi dawa za kushusha tezi, anapewa maji na dawa ya kutapika, kisha vipimo vinarudiwa. Kufikia mwezi wa tano zangu zilikuwa zimerudi sawa. Kwa hivyo dada, ukiambiwa "TSH iko chini" katika miezi mitatu ya kwanza na unatapika vibaya, uliza kingamwili zimepimwa ama bado.

BabaNeema, Arusha

Naandika kwa niaba ya mke wangu, ameniruhusu. Yeye ana ugonjwa wa Graves wa kweli, ule wa kingamwili kuichochea tezi ikazidi; shingo ilivimba na macho yakatoka kidogo, alikuwa akitumia kabimazoli, dawa ya kuishusha tezi. Tulipoanza kupanga mtoto daktari alitueleza kwamba kabimazoli katika wiki za mwanzo inaongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro za maumbile. Akambadilishia PTU, dawa nyingine ya kuishusha tezi, kabla hatujaanza kutafuta. PTU nayo ina hatari yake kwenye ini, kwa hiyo aliambiwa akiona macho ya njano au mkojo mweusi aje siku hiyohiyo. Dozi ilikuwa ndogo kadiri ilivyowezekana, maana dawa hizi humfikia mtoto na zinaweza kuilaza tezi yake.

Ambacho wanaume wenzangu hawaambiwi: zile kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma na zinaweza kumchochea mtoto tezi hata kama mama mwenyewe ametulia, hata kama tezi yake ilishaondolewa zamani. Kwa hiyo walizipima katikati ya mimba, na kila ultrasaundi daktari alihesabu mapigo ya moyo wa mtoto na kumtazama shingo. Neema alizaliwa salama, akapimwa damu siku za mwanzo, yuko vizuri. Na wale wanaofikiria tiba ya ayodini yenye mionzi: haitolewi kabisa kwa mjamzito wala anayenyonyesha, na baada yake husubiriwa angalau miezi 6 kabla ya kubeba mimba.

BintiPwani, Unguja

Poleni na hongereni nyote. Mimi mimba yangu haikuwa na tabu hata kidogo. Arubaini ikapita, mama mkwe kanikanda, nimekunywa uji wa pilipili manga, mtoto ananyonya. Mwezi wa tatu nikawa nakonda, usingizi sina, roho inadunda, nagombana na kila mtu. Kisha hali ikageuka: mwezi wa sita sijiwezi, nimevimba uso, nywele zinatoka mkononi nikichana, nalia mchana kutwa. Nyumbani wakasema nimepatwa na shetani, nikasomewa. Hospitali nikaambiwa sonona ya uzazi, nikapewa dawa zake.

Shangazi yangu ndiye aliyesema, "Huyu mpimeni tezi." TSH ikakutwa juu mno. Ni uvimbe wa tezi unaotokea ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kuzaa: kwanza homoni zinavuja zinakuwa nyingi, kisha zinapungua. Wengi hupona ndani ya mwaka, wengine hubaki na tezi iliyolala. Mie nilitumia dawa nikaachishwa, ila napimwa kila mwaka. Jamani sonona ipo na inatibiwa, sisemi haipo. Nasema tezi ipimwe pamoja nayo.

Na swali: hapa kwetu kuna wanaoniambia ninywe sharubati ya mwani kila siku kwa ajili ya tezi. Ni sawa?

NesiMkunga

BintiPwani mwaya, mwani usiufanye dawa. Una madini joto (ayodini) mengi, na kiasi chake hubadilika kutoka aina hadi aina. Madini joto yakizidi yanaweza kuivuruga tezi ya mama na ya mtoto pia. Mjamzito anahitaji kama mikrogramu 250 kwa siku, na mahali pa kuanzia ni chumvi iliyowekewa madini joto. Ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko na unyevu. Ile ya mawe inayouzwa wazi kwenye magunia, hasa iliyotoka shambani bila kusindikwa, huna uhakika nayo.

Furaha, Goma

Nesi ametaja chumvi nami nimemkumbuka mama mkubwa. Yeye ni wa Idjwi, kisiwa chetu cha ziwa Kivu, ambako madaktari walikuja tangu miaka ya 1960 kuchunguza rovu, yaani goita. Madini joto yalikuwa haba, na muhogo usiolowekwa vizuri ulizidisha ubaya, maana sumu yake ikiingia mwilini huizuia tezi kuchukua yale machache yaliyopo. Walizaliwa watoto wasiosikia, wasiokua, na akili nzito. Wamama walilaumiwa kwa uchawi. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu shida ilianza mtoto akiwa bado tumboni na hakuna mama aliyejua.

Zawadi_UK

Huku Uingereza mtoto anachomwa kisigino siku ya 5, matone machache ya damu, na tezi ni mojawapo ya wanayoyapima. Wangu alikutwa na tezi iliyolala, akaanza dawa kabla ya wiki mbili. Sasa ana miaka saba, anasoma vizuri. Natamani kila mtoto nyumbani apate hicho kipimo.

MamaTulia

Zawadi, na mimi natamani hivyohivyo. NesiMkunga, kwa nini basi wajawazito wote wasipimwe TSH siku ya kwanza ya kliniki?

NesiMkunga

Wataalamu wenyewe wanabishana. Kulikuwa na utafiti mkubwa Uingereza na Italia, matokeo yalitoka 2012, wanawake zaidi ya 21,000. Waliokutwa na tezi iliyopungua kundi moja walitibiwa wakati wa mimba, jingine halikutibiwa. Akili za watoto walipofika miaka mitatu hazikutofautiana. Lakini nusu yao walianza dawa baada ya wiki ya 13, na wapo wanaosema hapo ubongo ulishapita hatua muhimu. Kwa hiyo miongozo mingi inasema apimwe mwenye sababu: mwenye goita au kovu la shingo, mwenye ndugu wa damu mwenye tezi, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mimba zimetoka au alichelewa sana kupata, mwenye zaidi ya miaka 30, na anayetoka eneo lenye upungufu wa madini joto.

Maoni yangu kama mkunga: ukiwa na mojawapo, sema siku ya kwanza bila kusubiri kuulizwa. Foleni ni ndefu na tunaruka mengi. Tena ukipewa majibu, waambie wasome kwa viwango vya mjamzito, maana TSH kwa kawaida hushuka mwanzoni mwa mimba. Kwa aliye kwenye dawa, lengo huwa chini ya 2.5.

Asnath_M

Nimesoma wote. Mimi nilijifungua Jumapili, dozi yangu ilikuwa imepandishwa hadi 125. Naendelea nayo? Na kunyonyesha je?

MamaTulia

Hongera sana mama! Nyonyesha bila hofu, levothairoksini haizuii. Kuhusu dozi, kwa kawaida baada ya kujifungua hurudi ile ya kabla ya mimba, lakini mpigie daktari wako leo akuthibitishie, usipunguze kwa kusoma hapa. Kisha TSH hurudiwa kama wiki ya 6. Omba ipangwe siku moja na kliniki ya mtoto, utapunguza safari.