Mrejesho: zile chupa za bia nilizoweka stoo ya mabati

Wakuu, ni mimi wa Gulu, Uganda, niliyeuliza mwaka jana kama Chimay Bleue, bia nyeusi ya Ubelgiji ya asilimia 9, inaweza kuzeeka vizuri, yaani kukomaa ladha ikiwekwa muda mrefu, kwenye stoo yangu ya mabati. Kipimajoto humo kilisoma 34 mchana, 21 alfajiri. Wengi mlisema tatizo ni huko kupanda na kushuka.

Nilikuwa na chupa 6. Tatu nikaziacha stoo, tatu nikampelekea shangazi Kabale kwenye baridi. Akazisimamisha ndani ya boksi chini ya kitanda, huku akiniuliza ni bia gani hiyo ya kutazamwa mwaka mzima.

Jumamosi nimefungua moja moja. Ya stoo ilinuka boksi lililolowa mvua, na povu likafa kabla sijaketi. Ya Kabale, zabibu kavu na sukari guru, povu limesimama.

Sasa naona kupanda na kushuka tulikusingizia kidogo. Kabale nako usiku na mchana havilingani, ila muda wote ni baridi. Mkosaji mkuu ni joto lenyewe: oksijeni kidogo inayobaki chupani huiharibu bia haraka zaidi kukiwa na joto. Hamira iliyo ndani husaidia kuila hiyo oksijeni, lakini haiwezi vita vya mabati ya Gulu.

Mbili za stoo zilizobaki nitapikia nyama. Za Kabale sizigusi, labda shangazi anitangulie.