Naomba ushauri: kuruka kwa skii kunanimalizia bando

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, na msicheke. Mimi ni mgumu wa mlimani, nabeba mizigo ya wageni, na tangu korona ikate safari nipo tu nyumbani. Kilichobaki ni kuangalia kuruka kwa skii, ule mchezo wa kuteleza na mbao ndefu miguuni kwenye theluji, kisha unaruka mbali hewani. Mgeni mmoja wa Austria alinionyesha kwenye simu yake pale kambi ya Horombo, huko Kilimanjaro, nikanasa mazima.

Msimu huu wa 2020/21 mashindano ya vilima vinne, yale ya kuruka kwenye miji minne ya Ujerumani na Austria, yamefanyika bila watazamaji. Timu ya Poland ilizuiwa Oberstdorf, Ujerumani, kwa sababu ya kipimo cha korona, ikapimwa upya, ikarudishwa, na mwisho mrukaji wao Kamil Stoch akachukua ubingwa kwa mara ya tatu. Raha hiyo mwenzenu nimeipata vipande vipande! Siku ya mwisho, kule Bischofshofen, Austria, Stoch yuko hewani, skii zimefunguka kama V, picha ikaganda, kiduara kikaanza kuzunguka. Iliporudi, keshavua miwani.

Bando la elfu mbili halimalizi jioni. Kwenye runinga, saa mbili usiku ni tamthilia ya mama mkwe. Hapo sithubutu.

Sasa ubingwa wa dunia wa skii unaanza Oberstdorf Februari 23, 2021. Wenye uzoefu, nikishusha ubora wa picha hadi chini kabisa bando litadumu? Au nisome matokeo tu, marudio niyaangalie usiku wa manane kwa bando la usiku? Jirani ana waifai, ila kuomba bure naona aibu. Nimwoshee gari?