Naomba ushauri: idhini ya mtoto wa miaka 13 kwenda Italia

Asalaam aleikum ndugu zangu. Binti yetu hapa Malindi amealikwa Italia wiki 3 na wazazi wa rafiki yake. Pasipoti ina kurasa 2 tupu na itabaki hai zaidi ya miezi 3 baada ya kurudi. Bima ya matibabu ni ya yuro 30,000, kiwango cha chini cha viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwamo). Kinachoninyima usingizi ni barua ya idhini. Saini zinatakiwa za wazazi wote wawili, na babake yuko Muscat, Oman. Aiapie barua hiyo kwa wakili kule au kwenye ubalozi wetu wa Kenya kulekule? Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa "Fatma", pasipoti "Fatuma". Je, hati ya kiapo yatosha? Na ruhusa ya kumtibu akiugua, iwe karatasi ya pekee?