Ville morte ikiisha: kufungua tena duka la samaki wa baridi hapa Goma

Wa_Kahembe
Jambo zenu wakubwa. Swali ni kwa wauzaji wa vitu vya baridi na mafundi wa frigo. Wenye silaha wakitangaza ville morte, yaani mji usimame, tangazo linaingia usiku kwenye WhatsApp, na asubuhi hakuna duka wala pikipiki. Umeme ukikatika katikati, hakuna wa kuuliza. Tuseme ni siku 3. Dukani kuna kongelateri (friza) 2 za lita 300: moja imejaa samaki thomson (chinchard) na mapaja ya kuku, ingine iko nusu, ina sambaza (samaki wadogo wa ziwa Kivu) na nyama. Siku ya nne mji unafunguka, umeme unarudi, wateja wako mlangoni. Kipi kiuzwe, kipi kitupwe, na vyombo viwashwe namna gani? Halafu pesa: franka ni shida, na depo (wauzaji wa jumla) wanahesabu kwa dola. Mutoe vipimo, tafadhali.

Fundi_Baridi
Ndugu, usianze na umeme. Chomoa kwanza, kagua bidhaa, ndipo uwashe. Kongelateri ikisha kugandisha tena, samaki aliyeharibika anakuwa mgumu na mzuri wa macho kama mzima, na hapo hakuna tena wa kumtambua.

Hesabu ni hii: kongelateri iliyojaa, mfuniko usipofunguliwa hata mara moja, inashika baridi karibu masaa 48. Iliyo nusu, masaa 24. Siku 3 ni masaa 72, kwa hiyo zote mbili zimepita muda, isipokuwa umeme ulikuwa unarudi-rudi. Kujua kama ulirudi au hapana, gandisha kikombe cha maji mapema, halafu weka kitu kizito juu ya barafu. Sisi franka yetu haina sarafu ya chuma, weka ya Rwanda au nati ya fundi. Ukikuta nati iko juu, baridi haikupotea. Ikiwa chini kabisa, vyote viligeuka maji, hata kama leo ni jiwe.

Kuku na nyama: bonyeza kipande kinene. Kiini kikiwa bado kigumu na barafu inaonekana, unaweza kukirudisha au kukiuza siku hiyo hiyo. Kikiwa laini na kimepita digri 4 zaidi ya masaa 2, kitupwe.

Thomson ndiye wa kuogopa kuliko wote. Samaki wa jamii yake akikaa kwenye joto, bakteria wanatengeneza histamini ndani ya nyama. Histamini haifi kwa kukaanga, kuchemsha, chumvi, moshi wala baridi. Harufu inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Mtu anakula, na ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi uso unakuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinapiga, wengine wanatapika. Kwa hiyo lile neno la «atakaangwa vizuri, hakuna shida» ni la uongo kwa thomson. Akiwa amelainika na hujui tangu lini, hakuna bei ya kumpunguzia. Anatupwa.

Sasa umeme. Ukirudi mara ya kwanza unapanda na kushuka. Acha balbu moja tu iwake kama dakika 15. Mwanga ukitulia, chomeka kongelateri moja, ngoja dakika 10, ndipo ya pili. Ikizimika, usiiwashe mara moja: gesi ndani ya kompresa bado ina presha upande mmoja, mota inajaribu kuzunguka inashindwa, waya wa ndani unaungua. Ngoja dakika 5, zinatosha. Na kama ulifunika kongelateri na blanketi kushika baridi, toa blanketi kabla ya kuwasha, sivyo joto halina pa kutokea.

Mama_Kituku
Fundi amesema kweli, ila mimi naona sambaza asifike hata siku ya nne. Umeme ukikatika na mji umefungwa, siku ile ile ya kwanza, angali na barafu, mutoe. Osha, paka chumvi kavu, kilo 1 kwa kilo 3 za samaki, acha usiku kucha maji yatoke, kesho yake muanike juu ya wavu, si chini kwenye mchanga wa volkano. Akiisha kulainika ndani ya kongelateri, chumvi haimrudishi. Wengi wanaharibu hapo: wanangoja, wanasema labda umeme utarudi jioni, wanaanika samaki aliyekufa mara ya pili.

Wa_Kahembe
Asante sana mama, asante fundi. Na kagrupu kadogo (jenereta) ka wati 650 kanaweza kushika kongelateri 1?

Fundi_Baridi
Ikisha kuzunguka, ndiyo, maana inakula kama wati 150. Shida ni kuanza: kompresa inavuta mara kadhaa ya hapo kwa sekunde moja. Grupu ndogo inalia, volti inaanguka, kompresa inabaki inanguruma bila kuzunguka. Ukisikia hiyo nguruma zaidi ya sekunde 5, chomoa. Grupu ikiweza, iwashe masaa 2 asubuhi na 2 jioni, bila kufungua mfuniko. Na iwe nje, mita 6 kutoka mlango. Siku za ville morte watu wanaificha koridoni sauti isisikike barabarani. Moshi wake hauna harufu ya kutosha kukuamsha, na familia nzima inaweza kufia usingizini.

Cambiste_Birere
Upande wa pesa. Asubuhi ya kwanza usijaze duka. Kila mtu anaingia sokoni Birere saa ile ile, mizigo bado haijafika, bei iko juu. Nunua ya siku 1 ao 2, subiri boti za Bukavu na magari ya Minova yaanze kuingia, ndipo uchukue katoni nyingi. Dola kagua moja moja kwenye mwanga: iliyopasuka hata kidogo pembeni, depo wanaikataa.

Tangu benki zifunge Januari 2025, franka safi ni adimu na kutoa pesa kwa ajenti kuna makato. Kwa hiyo usizitoe. Mteja akilipa kwa M-Pesa ao Airtel Money, mlipe depo kwa njia hiyo hiyo, franka za mkononi zibaki za kurudisha chenji. Tumia kodi ya USSD (ile namba ya kubonyeza yenye nyota na reli), si programu ya simu: kodi hiyo inaenda hata intaneti ikikatwa, mradi mtandao wa simu uko. Bamenda na Buea kule Kameruni, ambako wapiganaji wanalazimisha ville morte kila Jumatatu, intaneti ilikatwa siku 93 mwaka 2017. Wao angalau siku wanaijua, wanaagiza mzigo kwa kuihesabu. Sisi tunaamka nayo, ndiyo maana kongelateri isijazwe kwa deni.

Likelemba (mchango wa kupokezana): siku zilizofungwa ziandikwe kwenye daftari na zisogezwe mbele kwa wote. Ukimdai mmoja siku 3 kwa mara moja, anachukua ya kula anakuletea, wiki inayofuata anatoroka.

Motard_Majengo
Mwenye kutuma mzigo kwa pikipiki siku ya kwanza, angalia pale matairi yalipochomwa. Mpira unaungua, nyuzi za chuma zinabaki, nyembamba kama sindano, zimelala ndani ya majivu. Zinapita tairi hadi chambaya (mpira wa ndani). Fagia, kisha pitisha sumaku ya spika ya zamani, utashangaa zinavyoshika.

Mama_Kituku
Na kabla ya kurudisha bidhaa: kongelateri iliyobeba samaki mbovu ioshwe kwa sabuni, kisha javel (dawa ya klorini) na maji, na ile raba ya mfuniko ikunjuliwe, maana maji ya samaki yanaingia mle ndani yananuka mwezi mzima. Usiweke vinegre (siki) pamoja na javel, inatoa gesi ya kukaba. Iache wazi ikauke kabisa. Samaki wa kutupwa umpasue na kummwagia javel kabla ya kumpeleka jalalani, sivyo kuna atakayemuokota na kumuuza.