Mwanafunzi wangu wa zamani amenipata, nimemdanganya kwamba namkumbuka. Nifanyeje?

Afande_Chaki:
Habari zenu jamani. Mimi ni ofisa wa UPDF, jeshi la Uganda, niko Somalia, sehemu sitaji. Kabla ya jeshi nilikuwa mwalimu, 2011 nilikuwa nafundisha hesabu P6 (darasa la sita) kwenye shule moja upande wa Luweero na kila Ijumaa naiba nusu saa nawapa Kiswahili, hakikuwa hata kwenye ratiba, wazazi wananung'unika eti hiyo ni lugha ya wanajeshi na wezi (halafu mwalimu mwenyewe akaenda Kabamba, chuo cha jeshi, najua walicheka).

Sasa juzi usiku nimetoka kukagua walinzi, nafungua simu nakuta ujumbe mrefu Facebook. Kijana anasema nilimfundisha. Anasema Mei 2023 aliposikia habari za Bulo Marer, wale wenzetu 54 waliouawa kambi iliposhambuliwa, alikaa wiki nzima anatafuta jina langu kwa VPN maana Facebook kwetu imefungwa tangu Januari 2021, hakunipata akajua nimekufa. Mimi wakati huo niko nyumbani nachimba mihogo! Yeye sasa ni mwalimu, tena wa Kiswahili. Anaomba picha ya kambi na sauti yangu nisalimie darasa lake.

Tatizo simkumbuki. Hata kidogo. Darasa lilikuwa na watoto tisini na kitu. Lakini mtu amekulilia wiki nzima utamwambia wewe nani? Nikajibu nakukumbuka sana mwanangu. Leo ameandika, "Mwalimu, unakumbuka ile ya ndoo?" Ndoo gani sasa banange

MzeeBombo:
Afande mimi nimestaafu, nakwambia kama mdogo wangu. Picha ya kambi USITUME. Hata ya tenti, hata ya sahani ya posho (ugali), nyuma yake kuna mnara au ukuta na kuna mtu kazi yake ni kuangalia vitu hivyo tu. Zima na lokesheni ya simu. Na huyo kijana umejuaje ni mwanafunzi? Jina lako liko Facebook, na kwamba ulikuwa mwalimu pia liko.

nnyabo_wa_Arua:
Mzee kweli lakini matapeli wanaomba mobile money, hawaombi salamu za watoto 😂 Afande mwambie tu ukweli. Mimi nimefundisha miaka kumi na tano, nakutana nao sokoni wananiita tichaa, namwambia mwanangu nikumbushe jina, hakuna aliyewahi kununa. Wanachonuna ni ukijifanya. Na hiyo ndoo ni mtego mzuri, mwache aeleze yeye, kama ni mwongo utajua hapohapo

kijana_wa_stage:
me nataka kujua ya ndoo

Afande_Chaki:
Nimerudi. Nilimwandikia, mwanangu nisamehe, nilikudanganya, sikukumbuki sura wala jina, nieleze ya ndoo. Akakaa kimya siku mbili, nikajua nimeharibu, nikawa naangalia simu kila saa kama kuruta anayesubiri mshahara.

Kumbe alikuwa anasahihisha mitihani. Akatuma sauti anacheka. Anasema siku hiyo nilimtuma maji, akarudi akasimama mlangoni akasema kwa nguvu, "Mwalimu, nimeleta ndoa ya maji!" Darasa zima likaanguka. Nami eti nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikamwambia haya bwana harusi, weka pale. Wakamwita Bwana Harusi mpaka P7.

Jamani NIKAKUMBUKA. Siyo sura, ile sauti mlangoni. Nikaona aibu kidogo, kumwita mtoto hivyo mbele ya wenzake. Nikamuuliza ilikuuma? Akasema ya kwanza iliuma, lakini ndoo hakuisahau tena, na sasa kila mwaka somo la kwanza anaanza na hiyo hiyo.

Picha nimekataa, ameelewa. Sauti nimetuma, dakika moja, nimejifunika blanketi sababu jenereta inapiga kelele. Jana wamenijibu darasa zima, "Shikamoo afandeee", halafu mmoja nyuma anauliza kama huku tunapanda ngamia kwenda lindo.

kijana_wa_stage:
na mnapanda?

Afande_Chaki:
Hapana ssebo. Maziwa yake tu ndiyo tunakunywa.