Nna laki nne na simu: ninunue kamera au nende Unguja kusoma?

Binti wa Wete
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nna miaka 22, nakaa Wete. Msimu wa karafuu uliopita nilichuma na kuchambua mpaka nikaweka laki nne. Nataka kujifunza kutengeneza filamu. Si kuigiza, nataka kukaa nyuma ya kamera. Mjomba anasema ninunue kamera ya mtumba, kazi itanifundisha yenyewe. Mama anaona heri nende Unguja kwa mama mdogo nikatafute darasa.

Nimeshajaribu kwa simu. Nilimpiga video bibi uani akichambua karafuu. Mikono yake imetoka vizuri: anashika kichala, anakisokota kwenye kiganja, karafuu zinadondoka jamvini, makonyo yanabaki mkononi. Lakini muda wote ule alikuwa akinisimulia alivyoolewa, na nilipokuja kusikiliza hamna neno hata moja, upepo tu na jogoo wa jirani. Nililia. Nianzie wapi? Na kwa mtoto wa kike huku Pemba, kazi hii inawezekana?

Kijana wa Kikwajuni
Wa alaykumu salaam dada. Kamera usinunue. Kilichokuangusha ni sauti, na kamera ya mtumba ya laki nne haitakusikilizia bibi vizuri kuliko simu yako.

Azima simu ya pili. Iweke irekodi sauti tu, umfungie bibi kwenye pindo la kanga karibu na kifua. Yako ndiyo ipige picha, hata ukisimama mbali. Ukianza, piga kofi moja mbele ya kamera. Siku ya kuhariri unaoanisha kofi linaloonekana na kofi linalosikika, basi sauti na midomo vinakwenda pamoja. Kabla hujaondoka, waombe watu wanyamaze, urekodi dakika moja ya ua mtupu. Utakapokata maneno, ukimya ule ndio unaozibia mapengo, la sivyo kila ulipokata patasikika.

Na ukipiga ndani ukaona mistari inatembea kwenye picha, ni taa. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/50 ya sekunde, itatulia. Kama kamera ya simu haikuruhusu kubadilisha, zipo programu za bure zinazoruhusu.

Mzee wa Michenzani
Mwanangu, mama yako na mjomba wako wote wana haki, ila mama ana haki zaidi. Ziko njia za kusoma. Tamasha la filamu la nchi za jahazi hapa Unguja, ZIFF, lipo tangu 1998, na pamoja na maonesho huwa na warsha za vijana. Fuatilia matangazo yao mapema. Ukija, usiishie darasani. Kaa usiku pale Ngome Kongwe utazame filamu za watu, kisha mfuate aliyetengeneza umuulize alifanyaje. Ukitaka cheti kuna TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, lakini hiyo ni safari ya bahari na ada yake, laki nne haitoshi.

Jambo moja watu hulisahau. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya sabini, wakati huo Bara hawana. Mafundi walioshika kamera zile, waliobaki hai, ni wastaafu, wanakaa mabarazani tu. Ukimpata mmoja ukamwamkia vizuri, atakufundisha mwanga bila ya kukudai senti.

Mama wa Mikanda, Mwera
Mdogo wangu, swali lako la mwisho wamelipita, nami ndilo nililolishika. Inawezekana, tena kwa mtoto wa kike kuna mlango ambao wanaume hawaingii: ukumbi wa wanawake. Siku ya harusi watu wamevua mabuibui, wamejipamba, hawataki mwanamme na kamera mle ndani. Wanatafuta mwanamke, na sisi ni wachache.

Mimi nilianza kwa kumbebea waya na taa dada mmoja, miezi sita bila kushika kamera. Harusi yangu ya kwanza peke yangu, kadi ya kamera ilijaa bi harusi akiwa mlangoni. Mlango ule haufunguliwi mara mbili. Tokea siku hiyo nakwenda na kadi tatu, na naifuta kadi baada ya kuhamisha kazi pahala pawili, si kabla. Amana nayo: picha ya ukumbi ule haitoki kwenda popote, hata kwa rafiki yako. Ikitoka moja tu, hakuna nyumba itakayokuita tena.

Kijana wa Kikwajuni
Kwa heshima, mama, harusi si filamu. Atazoea kupiga watu wakicheza, kisa hatajua kukijenga.

Mama wa Mikanda, Mwera
Mwanangu, saa tano za harusi mimi nazitoa dakika arubaini, na bibi aliyekuwa kitandani hakuweza kuja anatazama analia. Kama hicho si kisa, nifundishe. Binti, siku utakayotaka kuonesha filamu hadharani, nenda BASSFU, baraza la sanaa na filamu la Zanzibar, mwanzo uulize kibali. Na huko Pemba mtafute mwanamke anayepiga harusi, Chake au Wete, umwambie utabeba waya.

Binti wa Wete
Ahsanteni, Mungu awalipe. Kamera nimeiacha. Pesa naweka nauli ya boti na kadi mbili, nikingoja warsha. Jana nimekwenda kwa dada mmoja hapa Wete anayepiga mikanda, kaniambia nije Ijumaa nibebe taa.

Na jioni nimeazima simu ya kaka. Bibi alikataa kurudia habari za harusi yake, kasema atasimulia za mafuriko. Nikamfungia simu pindoni, nikapiga kofi, akashtuka akacheka. Nimesikiliza usiku: maneno yote yapo, na katikati ya maneno nasikia karafuu zikidondoka jamvini.